Rejeta unaweza kubadilisha nyumbani, ila angalia unavyojaza maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita analalamika kwamba kafunga rejeta mpya kabisa na gari bado inachemsha, akamalizia kwa kusema rejeta za siku hizi zote feki na kwamba mwenye gari asithubutu kugusa injini yake mwenyewe. Kuhusu feki ana hoja, zipo. Ila hilo la pili sikubaliani nae hata kidogo, na kwa jinsi alivyoeleza, yani gari inatembea vizuri dakika chache alafu mshale wa joto unapanda ghafla alafu unashuka wenyewe, mimi nadhani rejeta yake haina kosa. Nadhani imejazwa maji vibaya na kuna hewa imebaki ndani ya injini.

Mimi ni mama, naishi Morogoro, naendesha Toyota Spacio ya otomatiki na barabara yangu ni ile ya kwenda Iringa. Anaepita mlima Kitonga anajua ninachosema, siku yoyote hukosi gari imesimama pembeni boneti juu, mvuke unatoka, na mtu kashika kitambaa anataka kufungua mfuniko wa rejeta. Kaka yangu ni fundi, ndo kanifundisha kazi hii, yeye kakaa kwenye stuli mimi ndo nashika spana, na alikataa kabisa kunishikia mpaka nijue kila bolti inakaa wapi. Toka hapo nawasaidia na majirani wanaoniita. Kwa hiyo naposema inawezekana nyumbani naongelea kitu ninachokifanya kwa mikono yangu.

La usalama kwanza na hili silipunguzi hata kidogo. Mfumo wa maji ya gari umefungwa, una presha. Ukiangalia mfuniko wa rejeta kwenye Toyota nyingi umeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha unayoishikilia kabla ya kuachia, na maji yakiwa kwenye presha hiyo hayachemki kwenye nyuzi 100, yanaweza kufika karibu 120 bado ni maji. Sasa ukifungua mfuniko presha inaondoka mara moja na yale maji yanageuka mvuke palepale usoni na kifuani kwako, na kitambaa hakizuii chochote. Watu wameungua vibaya sana kwa sababu ya haraka ya dakika 30. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta, yani lile bomba la mpira linalounganisha rejeta na injini, uweze kuushika kwa kiganja na ukiubinya uwe umelegea, kabla ya hapo mfuniko usiguswe. Kazi ya kubadilisha mimi nafanya asubuhi gari ikiwa imelala usiku kucha, hakuna kubahatisha.

Na huo mfuniko wenyewe watu wanaudharau sana. Raba yake ikifa presha haikai, na presha isipokaa maji yanachemka mapema, tena huko juu milimani yanawahi zaidi, Iringa mjini maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 95 hivi sio 100. Nshaona mtu katumia hela kwenye feni, kwenye wota pampu, kumbe ni mfuniko. Ukibadilisha rejeta badilisha na mfuniko, na uchukue wenye namba ileile iliyokuwepo, usichukue mkubwa ukidhani ni bora, presha ikizidi unapasua mipira na ile plastiki ya juu.

Kabla hujanunua chochote ujue kwanza kama tatizo ni rejeta kweli. Rejeta za magari yetu haya ya Japani katikati ni alminiamu, juu na chini ni tanki la plastiki lililobanwa kwa meno ya alminiamu na raba katikati yake. Ile plastiki inaanza ikiwa nyeusi, miaka inavyokwenda na moto inageuka kahawia, inakakamaa, alafu inapata ufa, mara nyingi pale shingoni mpira wa juu unapoingia au kwenye ule mstari wa meno. Ukiona hapo pamekauka ukoko wa pinki au kijani au mweupe, ndo panapovujia. Ukiona mapezi ya katikati ukigusa yanamomonyoka kama unga, imekwisha. Na kama gari imepata moto vizuri lakini ukipapasa rejeta kwa tahadhari, injini ikiwa imezimwa, kuna sehemu ni ya baridi kabisa, ujue njia za ndani zimeziba.

Lakini kama feni haizunguki, rejeta mpya haitakusaidia. Na kama gasketi ya hedi, yani ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na sehemu yake ya chini, imeungua ndo kabisa, unabadilisha rejeta na mpya nayo itatapika. Dalili za gasketi ni kwamba unawasha gari ya baridi, dakika mbili tatu tu mpira wa juu umeshakuwa mgumu, au unaona mapovu yanapanda kwenye shingo ya rejeta bila kukoma, au maji yanapungua na hakuna panapovuja, au ukitoa kijiti cha oili unakuta oili imebadilika rangi na kuwa na utando mweupe. Hapo usifungue rejeta, tafuta fundi wa injini.

Haya, tuseme ni rejeta. Vifaa sio vingi, spana na soketi namba 10 na 12, bisibisi, plaizi, beseni pana, na dumu lenye alama za lita. Toa waya wa hasi wa betri, maana kuna magari feni inaweza kujiwasha yenyewe hata ufunguo haupo na vidole vyako viko palepale. Chini ya rejeta kuna koki ndogo ya plastiki, ile ifungue kwa vidole taratibu, ukiikamata na plaizi ikiwa ya zamani inakatikia ndani. Maji yakianza kutoka ndo ufungue mfuniko wa juu yatoke vizuri. Yaache yaishe, alafu yapime kwenye dumu na uandike. Hapa wengi wanaruka lakini ndo kipimo chako cha baadae, maana gari ndogo nyingi za injini ya lita 1.3 mpaka 1.5 zinachukua jumla kati ya lita 4 na 6, ila mengine yanabaki ndani ya injini, kwenye rejeta hayatoki yote. Kama umetoa lita 3 na nusu alafu unarudishia lita 2 eti imejaa, haijajaa, ni hewa.

Mipira nayo ina ustaarabu wake. Klipu za springi unazibana na plaizi unazisogeza nyuma, alafu mpira unauzungusha kwanza mpaka uachie ndo unauvuta. Usichokonoe na bisibisi kwenye shingo ya rejeta, na ukiuona umegoma kabisa na una mpango wa kununua mwingine ukate tu na kisu kwa urefu, ni bora kupoteza mpira.

Kwenye otomatiki kuna kitu cha ziada na naomba wenye otomatiki wasome hapa mara mbili. Kwa chini kuna vipaipu viwili vidogo vinaingia kwenye tanki la rejeta, hivyo sio vya maji, ni vya oili ya giaboksi, inapita mle ndani kupozwa. Ukivitoa oili inamwagika, kwa hiyo uwe na kitu safi cha kuziba, na usiingize mchanga hata chembe. Oili iliyomwagika irudishiwe kiasi kilekile na aina ileile, kama giaboksi ni CVT, ile otomatiki isiyo na gia za kuhesabika, inataka ya CVT, usimsikilize muuzaji anaekwambia zote sawa. Na ukiwa na rejeta iliyochoka zaidi, ukuta kati ya oili na maji unaweza kutoboka kwa ndani, ukifungua mfuniko unakuta maji yamegeuka chai ya maziwa. Hapo giaboksi imeshaingiwa na maji, usiiendeshe hata kwenda dukani.

Baada ya hapo toa plagi ya waya wa feni kwa kubinya kile kiklipu, usivute waya. Feni na kava yake kwenye magari mengi vinatoka kwa bolti chache, vingine vinatoka pamoja na rejeta. Alafu toa mabano mawili ya juu na unyanyue rejeta wima. Mbele yake kuna kondensa ya AC, ina mapezi laini, usiiparuze, na paipu za AC usifungue kabisa, mle kuna gesi yenye presha na kwa kazi hii hazihusiki. Chini kuna raba mbili ambazo rejeta inakalia, hakikisha zimebaki mahali pake, kuna watu wanafunga bila zile raba, rejeta inapiga bodi kwenye kila tuta mpaka inapasuka upya.

Ukienda kununua, beba ile ya zamani. Iwe hapa Morogoro au Kariakoo au Ilala, ziweke mbili chini bega kwa bega uangalie urefu, unene, shingo zimekaa upande gani, vijiti vya chini vinalingana, na kama gari ni otomatiki iwe na sehemu ya vipaipu vya oili, za manyuo nyingi hazina. Kuhusu mtumba mimi nina msimamo, rejeta ya mtumba silipii. Plastiki yake imeshakaa kwenye moto miaka hiyohiyo kama yako, hata ikiwa imesafishwa inang'aa. Bora mpya ya kampuni yoyote ambayo meno yamebanwa sawasawa na gundi haijamwagika ovyo. Alafu angalia ndani ya shingo zake, zinakuja na vifuniko vidogo vya plastiki vya kuzuia vumbi, vitoe vyote kabla ya kufunga.

Kufunga ni kurudi njia uliyokuja, sina la kuongeza ila mipira isukumwe mpaka mwisho na klipu zikae nyuma ya ule ukingo wa shingo, sio juu yake, na koki ya chini ihakikishwe imefungwa.

Sasa ndo tunafika kwenye kilichomkuta msomaji wa wiki iliyopita. Injini ikiwa ya baridi themostati, yani kile kifaa kinachoachia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto, imefunga, kwenye Toyota nyingi inaanza kufungua kwenye nyuzi 80 na kitu. Kwa hiyo ukimimina maji rejeta inajaa haraka, unayaona yamefika shingoni, unafunga mfuniko unafurahi, kumbe ndani ya injini na kwenye hita kuna hewa imenaswa. Unaendesha, ile hewa inakaa kwenye hedi, pale palipo na moto kuliko kote, chuma kinapata joto bila maji ya kulichukua. Na kibaya zaidi sensa ya joto ikiwa ndani ya hewa badala ya maji inaweza kudanganya, mshale unakaa chini huku hedi inaungua, alafu maji yakiigusa ndo unaruka juu. Ndo maana nasema alivyoeleza yeye mshale unapanda na kushuka wenyewe, hiyo ni hewa inazunguka. Hedi ikipinda unaenda kuisaga karakana na kununua gasketi, gharama kubwa kuliko ya rejeta.

Namna ya kujaza ni hii. Paki gari pua iangalie juu kidogo, kama uwanja wako una mteremko umshukuru Mungu. Weka hita kwenye moto kabisa, sio AC, ile swichi ya joto ipeleke mwisho kwenye nyekundu, ili maji yapite na huko. Mimina taratibu, sio kwa kumwaga, na mara kwa mara ubinye mpira wa juu na wa chini kwa mkono, utaona mapovu yanatoka na maji yanashuka, unaongeza. Yakitulia washa gari mfuniko ukiwa wazi, iache sailensa tu, yani iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, usipige resi. Maji yatapanda na kushuka, mapovu yatatoka, endelea kuongeza. Kuna wakati yatashuka ghafla, hapo themostati imefungua, ongeza tena. Angalia mipira yote miwili ipate moto, na hita itoe hewa ya moto kweli, hita ikitoa baridi wakati injini ina moto ujue bado kuna hewa. Uso usiuweke juu ya shingo wakati wote huu. Subiri feni iwake na izime yenyewe, mara mbili ikiwezekana, ndo ufunge mfuniko. Chupa ya akiba ijaze kati ya LOW na FULL. Alafu iache ipoe kabisa, kesho yake asubuhi fungua uangalie, karibu kila gari itakuwa imekunywa kidogo, ongeza. Mimi baada ya kazi hii natembea na dumu la maji ndani ya gari wiki nzima na naangalia kila asubuhi.

Na wenye Vitz na Passo ambazo hazina mshale muwe macho zaidi. Hizo zina taa ya bluu ikiwa baridi na nyekundu ikizidi, katikati hapo hujui kinachoendelea, na nyekundu ikiwaka simama hapohapo, usiseme nafika tu pale mbele.

Kitu kingine kinachoniuma ni hii tabia ya kutoa themostati. Karibu kila gari ninayofunguliwa na jirani nakuta fundi fulani alishaitoa akasema nchi yetu ya joto haihitajiki. Inahitajika. Bila hiyo injini haifiki joto lake, kompyuta inaona bado ya baridi inaendelea kumwaga mafuta mengi, na kwenye injini nyingi ile themostati kwa chini ina kisahani kinachoziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa sehemu ya maji inazunguka kwenye injini tu bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo ukipanda mlima na mzigo inachemsha vizuri tu. Kama imekufa nunua nyingine, na ukiifunga kile kitundu chenye kipini kidogo kwenye Toyota nyingi kinakaa kwa juu, ndo kinapitisha hewa wakati wa kujaza. Ukikigeuza chini umejitengenezea shida ileile ya hewa.

Maji nayo. Wenzetu wa Dar maji ya kisima mengi yana chumvi, na hata huku maji ya bomba yana madini, yanaacha ukoko ndani na yanakula alminiamu. Tumia kulanti, yani yale maji maalum ya rejeta yanayouzwa kwenye dumu, na kama ni ya kuchanganya changanya na maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya kuongezea betri, ila soma lebo vizuri isije ikawa tindikali ya betri. Rangi isikudanganye, rangi sio aina. Ile ya pinki ya Toyota imeshachanganywa nusu kwa nusu, unamimina kama ilivyo, na wao wenyewe wanasema ya kiwandani inakwenda mpaka kilomita 160,000 alafu baada ya hapo kila 80,000. Dumu ambalo halijaandikwa kama ni la kuchanganya au la kumimina mimi nalirudisha, na naomba TBS, Shirika la Viwango, walitazame hili kwa sababu sio kila mnunuzi anajua kuuliza.

Na mwisho Mhariri, hili naliandika kama mzazi. Kulanti nyingi ina ethilini glikoli, ni sumu na ladha yake ni tamu, mtoto au mbwa akiikuta kwenye beseni atainywa, na inaharibu figo, inaua. Usiiache wazi hata dakika moja, usiimwage mtaroni wala karibu na kisima, iweke kwenye dumu lenye kifuniko, andika SUMU, na lisiwe dumu la soda au la mafuta ya kula. Mtoto akiinywa mkimbize hospitali muda huohuo na ubebe na lile dumu daktari alione, usingoje dalili.

Kwa msomaji wa wiki iliyopita, ndugu yangu, kabla hujairudisha hiyo rejeta dukani fanya hivi, kesho asubuhi gari ikiwa ya baridi fungua mfuniko, ongeza, washa hita, itoe hewa kama nilivyoeleza mpaka feni iwake. Mapovu yakikoma na hita ikatoa moto, rejeta yako nzima, endelea nayo. Mapovu yasipokoma kabisa baada ya feni kuwaka mara mbili, zima, usiiendeshe, ita fundi wa injini aje aangalie gasketi hapohapo nyumbani.

Msomaji wako,
Morogoro